Lantana: kichaka kinachonenepeshwa na panga

Kwa Kirundi neno ubwoba lina maana mbili: woga, na uyoga. Mvua zikianza katika tambarare ya Imbo, uyoga huchomoza chini ya miombo iliyo juu ya mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Wanaojua kuutofautisha na wenye sumu huuokota kwa kitoweo, na unaobaki huuzwa. Mwaka 1994 mtaalamu wa uyoga Bart Buyck alichapisha kitabu kizima kuhusu uyoga unaolika wa magharibi mwa Burundi, akakipa jina hilohilo: Ubwoba.

Uyoga mwingi wa miombo hauoti popote penye unyevu. Unaishi kwa ubia na mizizi ya miti ya jamii ya mtundu na myombo. Mti huupa sukari, nao huutafutia mti maji na madini ardhini. Mti mzee ukianguka na mche wake usiote, ubia huo umekwisha, na kikapu kinarudi nyumbani kitupu. Kwa hiyo anayeutaka uyoga wa kesho hana budi kuinama leo na kutazama kinachoota chini ya miti. Akikuta miche ya miombo, vema. Akikuta kichaka chenye miiba na vishada vya maua ya manjano na mekundu, basi ana haki ya kulichukua neno ubwoba kwa maana yake ya kwanza.

Kichaka hicho ni lantana, kwa jina la kitaalamu Lantana camara. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, limekiweka katika orodha yake ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya kuliko vyote duniani. Watu wengi wa ukanda wa ziwa wanakifahamu kwa sura tu: ni ua wa uani, ni kichaka cha kando ya njia, ni kitu cha kufyekwa kinapozidi. Na hapo kwenye kufyeka ndipo tunapokosea.

Kijue kwanza

Anza na shina. Shika tawi changa kwa uangalifu ulizungushe kati ya vidole: si la mviringo, lina pembe nne. Kwenye pembe hizo kuna miiba mifupi iliyopinda kurudi nyuma. Ndiyo inayochana kanga na suruali, na ndiyo inayokisaidia kichaka kukwea. Kikiwa peke yake husimama mita mbili hadi nne, lakini kikipata mti wa kuegemea hupanda nao kwenda juu.

Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Kingo zake zina meno kama msumeno na uso wake unakwaruza kama ulimi wa paka. Ukilisugua jani, hutoa harufu kali ambayo pua ikishaijua haiisahau.

Maua hukaa katika kishada cha duara kisichozidi sana kifungo cha koti. Ya katikati huwa ya manjano, ya pembeni yakawa ya chungwa, ya waridi au mekundu. Si kwamba kichaka kimechanganya rangi. Tofauti hiyo ni ya umri. Kwa aina nyingi, ua hufunguka likiwa la manjano, na likishachavushwa hugeuka rangi, kana kwamba linamwambia kipepeo kuwa hapa asali imekwisha, nenda kwa wadogo zangu. Matunda huanza ya kijani, yakaiva kuwa meusi yenye zambarau, madogo kama punje za pilipili manga.

Kuna ndugu yake wa kuchunga usimkate kwa makosa. Lantana trifolia huhesabiwa na wengi kuwa mmea wa asili wa Afrika. Majani yake mara nyingi hutoka matatu matatu kwenye kifundo kimoja, shina halina miiba, maua ni ya zambarau hafifu, na matunda yake ni ya zambarau yenye uwaridi, yamepangana kwenye kishada kirefu. Huyu ni mwenyeji. Kikosi cha vijana kinachoingia msituni na mapanga bila kufundishwa tofauti hii kinaweza kushinda kutwa kikimfukuza mwenye nyumba na kumwacha mgeni.

Ua lililopita Ulaya

Asili ya lantana ni maeneo ya joto ya Amerika na visiwa vya Karibi. Waholanzi waliupeleka Ulaya katika karne ya 17, na watunza bustani wakaanza kuuchanganya aina kwa aina wakitafuta rangi mpya. Kwa hiyo mmea uliosambazwa kwenye makoloni haukuwa tena ule wa porini. Ulikuwa chotara wa bustani, mwenye sura nyingi na uwezo wa kukubali udongo karibu wowote. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa umefika bustani ya mimea ya Calcutta. Leo, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020, umeenea katika kilomita za mraba 154,000 za misitu ya India, eneo linalozidi mara tano ukubwa wa Burundi nzima.

Afrika Mashariki ulikuja kwa njia hiyohiyo ya urembo na ua wa nyumba. Mbuzi haupendi, hauhitaji kumwagiliwa na hufunga uzio haraka. Sifa hizo zilizoufanya upendwe ndizo zilizoufanya ushindikane. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na huu ni mwiba ambao watu waliununua, wakaupanda kwa mikono yao na kuusifu kwa wageni.

Kwa nini Rumonge

Lantana hupenda ukingo. Katikati ya msitu mzito wenye giza haistawi. Hustawi kando ya barabara, kwenye njia ya wachoma mkaa, kwenye pengo la mti ulioangushwa na kwenye shamba lililolala. Sasa itazame Rumonge. Hifadhi yake ya miombo ni takriban hekta 600 tu. Kusini, karibu na ziwa, upo msitu mdogo wa Kigwena, mojawapo ya mabaki ya mwisho ya msitu wa kijani wa nchi ya chini. Msitu mkubwa una ngozi ndogo ukilinganisha na mwili wake, lakini msitu mdogo ni kama ngozi tupu. Kila upande unapakana na mashamba, nyumba au njia, na kila njia ni mlango.

Kisha kuna michikichi. Ukanda huu ndio moyo wa mawese ya Burundi. Ndege hula vitunda vya lantana, hutua juu ya mchikichi kupumzika na kuangusha mbegu shinani. Ndiyo maana kichaka mara nyingi huanza kwa duara kuzunguka shina la mti. Mwenye michikichi hukiona kero pale mvunaji anapokataa kuingia miguu mitupu, au pale chikichi zilizodondoka zinapopotelea ndani ya miiba.

Lipo pia jambo la historia ambalo halisemwi panapozungumzwa magugu. Machafuko yaliyoanza Rumonge na Nyanza-Lac tarehe 29 Aprili 1972 yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, kwenye makazi kama Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Waliporudi baada ya miongo, wengi walikuta ardhi yao mikononi mwa wengine, na kesi zikafuata. Shamba lenye kesi halina mpaliliaji. Hakuna atakayetoa jasho kung'oa visiki mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa si pake. Magugu hayangoji hukumu.

Kinachoharibika

Madhara ya kwanza ni kivuli. Lantana hufunga chini ya msitu kama paa la pili. Miche haipati mwanga, na kemikali zitokazo kwenye mizizi na majani yake huzuia mbegu za majirani kuota. Miti mikubwa ya miombo inaweza kuendelea kusimama kwa miaka mingi, kwa hiyo mpita njia husema msitu upo. Kumbe ni kijiji cha wazee watupu, hakuna mtoto anayezaliwa.

Madhara ya pili ni ya mifugo. Majani ya lantana yana sumu inayoitwa lantadeni, nayo hupiga ini. Ng'ombe aliyeila huacha kula, hukosa choo, macho yake huwa ya manjano, na ngozi isiyo na manyoya mengi, hasa puani, huungua na kubanduka akikaa juani. Ng'ombe anayechunga huiepuka asipokuwa na njaa kali. Lakini tangu sheria ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku mifugo kuzurura nchini Burundi, ng'ombe yuko zizini na majani huletewa. Hachagui tena yeye. Anachagua aliyetumwa kukata. Kijana akikata majani jioni kando ya njia akachanganya na lantana, ng'ombe mwenye njaa atakula alichopewa. Kwa mfugaji wa leo, kuijua lantana ni sehemu ya kulisha. Akishuku sumu, amweke mnyama kivulini, aondoe majani hayo na amwite daktari wa mifugo mapema. Watoto nao waambiwe kuwa vitunda vibichi vya kijani si vya kuchezea mdomoni.

Madhara ya tatu yana kumbukumbu nzito katika mwambao huu. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa Kijerumani walipambana na malale kandokando ya Tanganyika kwa kufyeka vichaka ambamo mbung'o walijificha. Malale hayahitaji lantana ili yawepo, lakini lantana imewahi kuyasogeza karibu na mlango. Katika mlipuko wa Alego, magharibi mwa Kenya, mwaka 1964, na tena Busoga nchini Uganda kuanzia 1976, mbung'o wa kandokando ya maji walikutwa wamehamia kwenye vichaka vya lantana karibu na nyumba. Kivuli chake chenye unyevu kiliwafaa kama msitu wa mtoni.

Panga, moto na mdudu

Dawa ya kwanza inayomjia mtu ni panga. Kwa macho, hufanya kazi: asubuhi palikuwa na ukuta, jioni pamekuwa peupe. Ila kisiki cha lantana hakifi. Kikikatwa juu ya ardhi huchipua machipukizi mengi pale palipokuwa na shina moja, na tawi lililoachwa limelala kwenye udongo wenye unyevu linaweza kutoa mizizi likawa kichaka kipya. Anayefyeka kila mwaka anapogoa bustani ya adui yake.

Moto hauna nafuu. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, moto hupita katika miombo mara kwa mara, na miti ya miombo kwa kiasi fulani imezoea. Lakini lantana huchipua tena kutoka shinani, na miche yake hufurahia udongo uliobaki wazi, wenye jivu na jua. Papo hapo matawi yake makavu yaliyokwea miti hugeuka ngazi ya kuupandisha moto hadi kileleni, mahali ambapo moto wa nyasi usingefika.

Wengine watauliza: kwa nini tusilete mdudu wa kuila? Dunia imelijaribu hilo tangu 1902, wadudu walipopelekwa Hawaii kutoka Mexico. Tangu hapo zaidi ya aina 40 za wadudu na vimelea zimeachiliwa nchi mbalimbali. Zimeidhoofisha lantana hapa na pale, lakini kuimaliza hazikuweza. Sababu moja ni ule uchotara: mdudu anayependa aina moja huikataa nyingine. Uganda ina funzo lake. Mdudu mdogo wa majani aitwaye Teleonemia scrupulosa aliletwa Serere miaka ya 1960. Majani ya lantana yalipopungua, wadudu hao walionekana wakishambulia ufuta wa wakulima. Jambo hilo liliandikwa katika jarida la Nature mwaka 1967, na hutajwa kama onyo anapopendekezwa mdudu mpya.

Jembe na kalenda

Kinachofanya kazi hakina siri. Kinahitaji kujua wapi pa kukata, lini, na kurudi.

Mahali ni chini ya ardhi. Nchini India, C. R. Babu wa Chuo Kikuu cha Delhi na wenzake walieneza mbinu ambayo mtu mwenye jembe au sururu anaweza kuifuata. Kata mzizi mkuu sentimita tatu hadi tano chini ya uso wa udongo, yaani chini ya sehemu inayotoa machipukizi, kisha kipindue kichaka mizizi ikitazama juu ili ikauke. Hakuna haja ya kuchimba shimo kubwa na kuusumbua udongo wote, jambo ambalo kwenye miteremko inayoshuka ziwani lingeleta mmomonyoko. Vichaka vichanga ving'olewe kwa mkono uliovaa glavu. Samaki mkunje angali mbichi.

Wakati ni mvua za mwanzo, udongo ukiwa umelainika na kabla vitunda havijaiva. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kuzaa hadi vitunda 12,000 kwa mwaka. Ukikikuta kimeiva, kata vishada kwanza uviweke ndani ya gunia, usiviburute msituni ukivipanda njiani.

Pa kuanzia si pale palipoharibika zaidi, ingawa macho yatakuvuta huko. Anza na vichaka vya upweke ndani ya msitu mzima, kisha njia, kisha ukingo, halafu ndipo usogee kwenye ukuta mnene. Ukianza na ukuta, nguvu zitakwisha huku vile vya upweke vikiendelea kuzaa nyuma yako.

Kisha rudi. Mbegu hubaki hai udongoni kwa miaka, na jua likifika chini zitaota kama mboga. Pita kila baada ya miezi michache katika msimu wa mvua, kwa miaka miwili au mitatu, ukiing'oa miche ikiwa kimo cha kidole. Kazi hii ni nyepesi, na ndiyo inayoamua. Eneo lililosafishwa mara moja bila kurudiwa huwa baya kuliko lilivyokuwa. Uzuri wa miombo ni kwamba mingi huchipua yenyewe kutoka kwenye mizizi yake ya zamani, kwa hiyo mwanga ukipatikana na moto ukizuiwa, msitu hujipanda bila kitalu. Mahali palipobaki wazi kabisa, nyasi za asili au miche ya miti ya hapohapo ifuate mara moja.

Vipi kuhusu dawa ya kuua magugu? Ipo njia ya kupaka glaifoseti kwenye kisiki mara tu baada ya kukikata, kwa brashi na si kwa kunyunyiza, na kwenye visiki vinene hufaa. Lakini Rumonge ina jirani wa kuheshimiwa. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 na hutoa maji yake kupitia mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Humo ndimo mnamotoka mukeke na ndagala, na nchi nne hunywa na kula kutoka humo. Karibu na vijito na mwambao, jembe litoshe.

Fimbo kuwa kiti

Kuna wanaosema tuitumie. Si wazo baya. Katika jimbo la Karnataka, kusini mwa India, Wasoliga hukata fimbo za lantana, huzichemsha, huzimenya na kuzikunja kuwa viti na vikapu badala ya henzirani. Mwaka 2021 kundi la sanamu za tembo wa ukubwa halisi, zilizosukwa kwa fimbo za lantana na jamii za milima ya Nilgiri, lilisimamishwa katika bustani za kifalme za London na kuwashangaza wapita njia. Mafundi wa Rumonge wanaojua kusuka hawangeshindwa na kiti. Fimbo zake kavu pia huwaka vizuri, na kila tita la lantana jikoni ni tita moja la myombo lililoachwa msituni.

Sharti ni moja: ikatwe pamoja na mzizi. Biashara inayovuna fimbo na kuacha kisiki ina faida katika kisiki kuchipua tena, na mtu hauli mkono unaomlisha. Soko likianza, anunuliwe kwa bei bora yule anayeleta fimbo pamoja na shina lake la chini.

Jumamosi ijayo

Burundi haikosi nyenzo kubwa kuliko zote katika kazi hii, ambayo ni watu kukutana. Ikibiri, yaani kusaidiana kazi kwa zamu, ni desturi ya zamani vilimani, na Jumamosi asubuhi ni siku ya kazi za jamii. Mara nyingi siku hiyo huishia kwenye kufyeka kando ya barabara, na lantana hukatwa pamoja na nyasi, ikachipua kabla ya mwezi kwisha. Jasho limetoka, kichaka kimenenepa.

Ombi langu kwa viongozi wa vilima vinavyopakana na hifadhi ya Rumonge na msitu wa Kigwena, na kwa idara ya serikali inayosimamia mazingira, OBPE, ni dogo. Kabla ya mvua zijazo, chagueni kipande kimoja kisichozidi uwezo wenu. Wafundisheni watu kumi kuitambua lantana na kuitofautisha na ndugu yake asiye na miiba. Acheni mapanga nyumbani, njooni na majembe. Andikeni tarehe, na andikeni pia tarehe tatu za kurudi. Kipande hicho kikishinda miaka miwili, ongezeni kingine.

Nawe msomaji uliye na ua wa lantana nyumbani kwa sababu ya uzuri wake, huhitaji kusubiri kikao. Vitunda vyake vinaliwa na ndege, na ndege hajui mpaka wa hifadhi. Chukua jembe, kata chini ya udongo, kipindue.

Mizizi itazame jua.